Kiti Kimoja cha Kwenda Ghuba ya Kungojea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wetu, Mama Benedicta. Waheshimiwa wazee mliofika kwa miguu yenu na mliofika kwa magurudumu. Ndugu zangu mliotoka Brampton, ambao najua mmebadilishana zamu za ghalani ili mje kula pilau. Mabwana na mabibi wa ofisi ya ramani, ambao hamjui Kiswahili na mtacheka tu mkiona wenzenu wanacheka. Shemeji yangu Zebunissa. Wajukuu wetu, mnaoelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza. Na wewe, Dilawar.

Ya Ali Madad. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Na ambao sikuwataja, hamjambo.

Dilawar, nimekutaja mwisho kwa sababu tangu Ijumaa jioni huna cheo. Umestaafu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na mimi nimekungoja chini tangu tulipokuwa wadogo, lakini wewe ulizidi kupanda mpaka ukafika juu kabisa, juu ya ramani, pale penye barafu ambapo karatasi yenyewe inaishia. Karibu chini. Viti vipo.

Mshereheshaji wetu Japhet ameninong'oneza kwamba nina dakika kumi. Japhet, mwanangu, katika umri wangu dakika kumi ni za kutafuta miwani.

Nimeombwa nimsifu mstaafu. Nitamsifu. Lakini kwanza niseme ukweli, maana uzee hauna faida nyingine: mtu huyu namwonea wivu. Si wivu mdogo wa nyumba. Ile nyumba yake ya Richmond Hill nimeshaizoea; ina watu wawili na vyoo vinne, siku ya kwanza nilipobanwa nilisimama kwenye ukumbi nikashindwa kuchagua. Hapana. Wivu wangu ni mkubwa, una nidhamu, haujakosa kazini hata siku moja. Kama haki ingekuwepo, na wenyewe leo ungepewa saa ya ukutani na kukatiwa keki.

Ulianzia Nansio, kisiwani Ukerewe, tulikozaliwa sote wawili. Kwa wageni wasiopajua, ni kisiwa kilicho ndani ya ziwa. Samaki ni wengi, mbu ni wengi zaidi. Baba yake Dilawar aliuza nyavu. Baba yangu aliuza mafuta ya taa. Na kwa kuwa watu wa Nansio hawakuwa na muda wa kukariri majina yetu ya Kihindi, kila mtoto wa duka aliitwa kwa bidhaa ya baba yake. Huyu alikuwa Dilawar Nyavu. Mimi, Roshanali Mafutataa. Tumehama, tumevuka bahari, tumeapishwa uraia mbele ya picha ya Malkia, na mpaka leo nikipigiwa simu kutoka Mwanza au Calgary au Leicester, sauti inauliza, "Ni Mafutataa huyo?" Ni mimi. Baba yangu alinipa jina zuri lenye maana ya nuru, wateja wake wakanipa lile la kutumia. Mnaweza kusema maana ni ileile, isipokuwa la pili linanuka.

Sasa, siku moja mwalimu wetu wa jiografia alitundika ramani ukutani. Akaweka fimbo juu ya yale maji yaliyo kusini ya kisiwa chetu, akasema, "Hii ni Ghuba ya Speke. Rudieni."

Tukarudia. Dilawar akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nani kasema?"

"Ramani imesema."

"Lakini mwalimu, sisi tunaoga humo kila siku. Na wavuvi wanaonunua nyavu kwa baba hawajawahi kumtaja huyo mtu."

Mwalimu akamchapa viboko viwili. Mimi akanichapa kimoja, kwa kucheka. Na hapo ndipo wivu ulipozaliwa, ndugu wageni waalikwa. Viboko viwili yeye, kimoja mimi! Hata fimbo ilimpa heshima kuliko mimi.

Mimi na shule tuliachana darasa la sita, kwa maelewano. Yeye akaendelea Mwanza. Na ni Mwanza hukohuko yalikotokea yale ambayo sasa nayasimulia, na wewe shemeji, tafadhali ziba masikio.

Mimi ndiye niliyemwona Zebunissa kwanza.

Msigune. Ni historia. Nilikuwa nimetumwa na baba kupokea mzigo. Pale kivukoni nikamwona msichana amevaa gauni la kijani, ameshika kapu la machungwa, anabishana na karani wa tiketi, na karani anashindwa. Nikarudi Nansio na meli, nikamwambia Dilawar, aliyekuwa likizo, "Bwana, nimegundua msichana." Ndivyo nilivyosema: nimegundua. Kama wale wazungu wa kwenye vitabu. Nilimwona kwa mbali, sikumwuliza jina, na nikawa nimeshaamua ni mali yangu. Kama sheria ya wavumbuzi ingefuatwa, shemeji, leo ungekuwa kwenye ramani kwa jina la Mlima Roshanali.

Dilawar akaamka alfajiri. Akaondoka na meli ya asubuhi, akaenda mpaka kivukoni, akakaa pale siku nzima na siku ya pili, na yule msichana alipopita akasimama mbele yake akasema, "Samahani dada, unaitwa nani?"

Basi. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu. Mimi niliona. Yeye aliuliza. Na kama kuna kijana hapa anataka kujua mtu anapataje mke na kazi ya serikali, nimekwisha mwambia, aende akale.

Tulipofika mji huu, mimi nilifungua kiduka mtaa wa Lawrence Heights. Maziwa, sigara, bahati nasibu, na baadaye, Wakenya na Watanzania walipozidi, unga wa sembe. Yeye alisoma masomo ya jioni huku akifanya kibarua mchana, mpaka akaingia ofisi ya serikali ya ramani za bahari. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha maji. Mashua inakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayekata nyasi za uani, na chombo kilicho chini yake kinapiga sauti majini kisha kinasikiliza mwangwi.

Nilimwuliza, "Yaani unapiga kelele kwenye maji, maji yanakujibu, na serikali inakulipa?"

Akasema, "Ndiyo."

Mimi nilipiga kelele dukani miaka thelathini. Wateja walinijibu. Na serikali ikanitoza kodi.

Halafu ikaja ghuba.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka elfu mbili na tatu. Walimpeleka mbali kaskazini, kwenye kisiwa cha Aktiki, kupima ghuba moja ambayo hakuna aliyewahi kuipima sawasawa. Alipanda ndege kubwa, akapanda ndege ndogo, akapanda ndege ndogo zaidi ambayo rubani anakuuliza uzito wako bila haya. Na tangu kiangazi hicho, kila Julai, wakati sisi wenye akili tunachoma mishkaki bustanini, yeye anafunga mzigo anakwenda kwenye barafu. Akirudi Septemba, mdomo wake haufungi. Ghuba hivi, ghuba vile. Nimeisikia ghuba hiyo mpaka naijua kuliko nyumba yangu. Mnisahihishe nyie wa ofisini.

Kisiwa chenyewe ni kikubwa kuliko Ukerewe mara nyingi, na wakazi wake ni wachache kuliko ile foleni ya pilau. Hakuna mti. Hakuna hata kichaka cha kujisitiri. Mtu akibanwa, anatazamwa na kisiwa kizima. Ghuba imekaa kama kiganja kilichokunjwa nusu. Kidole gumba ni rasi ndefu ya mawe meusi, upande wa magharibi. Katikati ya kiganja kuna mto mfupi wa maji ya theluji, na humo kuna samaki ambaye nyama yake ni nyekundu kama papai. Aliniletea mmoja. Nilimpika kwa nazi. Ni mtamu kuliko sato wa ziwani kwetu, na kusema hivyo mbele yenu kumeniuma. Upande wa mashariki kuna kilima kidogo cha mviringo, hicho mkiweke akilini, tutakirudia. Mdomo wa ghuba uko kaskazini, na barafu ya baharini inaingia humo kwa urahisi lakini kutoka haitaki, kama wageni wa Idi. Miezi tisa ghuba ni sakafu nyeupe, mnatembea juu yake. Miezi miwili ni maji. Mwezi mmoja haijaamua. Na wakati wa kiangazi jua halizami. Linazunguka tu pembeni mwa dunia kama mlinzi wa zamu.

Nilikuwa nasikiliza haya nikiwa nyuma ya kaunta, napima sembe. Niambieni ninyi: mngekuwa mimi, msingeona wivu?

Sasa jina. Hapa ofisi ya ramani mnyooshe shingo.

Zamani sana, enzi za matanga, alifika kapteni mmoja Mwingereza. Alikuwa anatafuta njia ya kupita juu ya dunia kwenda China. Akafika ndani ya ukungu, akaona maji yanaingia bara, akaruka kwa furaha: njia hii hapa! Akachukua kalamu akaandika kwamba huu ni mlango wa bahari, na akaupa jina la lodi mmoja, bwana mkubwa wa kwao, aliyegharamia biskuti za meli. Lodi mwenyewe alikuwa London, miguu motoni. Hakuwahi kufika. Nasikia hata baharini alikuwa anatapika. Jina lake silitaji, kwa sababu leo ndiyo tunamzika.

Kesho yake ukungu ukaondoka. Kapteni akakuta mbele yake ukuta wa mawe. Mlango haukuwa na upande wa pili! Alikuwa kama mtu anayetoroka harusini, akafungua mlango kwa kishindo, akajikuta kabatini. Je, alifuta? Hakufuta. Aligeuza meli polepole, kama mtu aliyekuja kuangalia makoti, akaondoka.

Baadaye wakaja wawinda nyangumi. Hao wakaiita Ghuba ya Birika, kwa sababu walisahau birika. Angalau hao walisahau kitu chao wenyewe.

Baadaye tena, enzi tulipokuwa sisi tunachapwa na mwalimu, ikapita ndege ya kupiga picha. Wakaona kutoka juu kwamba ile si njia, ni ghuba. Wakasahihisha ramani. Wakafuta neno mlango, wakaacha lodi.

Wamepita mara tatu, mabibi na mabwana, kwa meli, kwa chusa na kwa ndege, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kuuliza. Na watu walikuwepo! Wainuit, wenyeji wenyewe, walikuwa wamesimama palepale ufukweni wanawatazama.

Ndipo ofisi, Mungu awabariki, ikaamua kwamba majina ya wenyeji yakusanywe. Nani atumwe? Wenye shahada zao walikuwepo. Lakini mkubwa wao mmoja akasema, mpelekeni Dilawar, huyo huwa anauliza maswali mpaka mtu anachoka. Akaenda. Kwenye ukumbi wa kijiji wakatandaza ramani sakafuni, wazee wakaketi kuizunguka na chai yao. Bibi mmoja, ambaye ndiye mkubwa wao, akaitazama ramani, akaishika, akaizungusha, kusini juu, kaskazini chini. Akasema, "Sasa inafanana. Mtu anafika akitoka baharini."

Wakaanza. Mawe haya yanaitwaje? Rasi hii? Na mkalimani katikati. Mpaka bibi akachoka kuulizwa, akauliza yeye.

"Na wewe, kwenu maji yanaitwaje?"

Dilawar akasema, "Kwenye ramani yanaitwa Ghuba ya Speke."

"Huyo ni jamaa yako?"

"Hapana."

"Alikaa hapo?"

"Alipita."

Bibi akacheka mpaka chai ikamwagikia magoti. Akasema, "Kumbe hata kwenu walipita!" Na tangu hapo, anasema Dilawar, hakumficha jina hata moja.

Jina la ghuba alimwambia siku ya mwisho. Mimi siwezi kulitamka. Nikijaribu meno yangu ya bandia yataruka mpaka kwenye keki. Lakini maana yake naijua. Maana yake ni mahali tunapongojea.

Majira ya kuchipua, wanaume walikuwa wakitoka kwenda kwenye barafu ya baharini, mbali, kuwinda sili, yule mnyama wa baharini. Na barafu ya wakati huo ni kigeugeu, inaweza kukatika na kuondoka na mtu. Wanawake, wazee na watoto walibaki ghubani. Kila siku walipanda kile kilima cha mviringo nilichowaambia, wakatazama ukingo wa barafu, wakahesabu vichwa vinavyorudi. Wengine walirudi. Wengine wanangojewa mpaka leo. Na bibi akamwambia Dilawar neno ambalo aliniletea mimi dukani Septemba ile, akiwa bado ana ngozi ya uso iliyobabuka: "Jina hili si la walioondoka. Ni la waliobaki."

Mwaka huu, baada ya miaka ya vikao, serikali imekubali. Lodi ametoka. Jina la wenyeji limeingia. Na Agosti ijayo kijiji kinafanya sherehe palepale ghubani, na Dilawar amealikwa, na ameambiwa, sikilizeni vizuri, aje na mtu mmoja. Ndege ni ndogo. Kiti ni kimoja.

Kiti kimoja! Amelijua hilo tangu Machi, na mpaka jioni hii hajasema nani atakikalia. Nimempikia. Nimemwacha anishinde karata, na wote mnajua hana akili ya karata. Hajasema.

Basi nimeona leo, kwa kuwa mikrofoni ninayo mimi, tulimalize.

Wagombea ni wawili. Wa kwanza ni mkwewe, Zaheer, yule pale mwenye kamera yenye shingo ya twiga. Zaheer ni kijana mzuri, ana adabu. Anasema anataka kumpiga picha dubu mweupe kwa karibu. Mwanangu, dubu naye anapenda karibu. Binti yako Inara ana miaka tisa, bado anahitaji baba. Nimekutoa kwenye kinyang'anyiro kwa mapenzi.

Wa pili ni mimi.

Mama Benedicta, kwa ruhusa yako, nasogea pembeni ya meza ili watu waone miguu yangu. Naam. Hivi ni viatu vya theluji. Viko mpaka chini ya goti, vina manyoya ndani, na nje ni Juni. Nimevinunua wiki iliyopita. Muuzaji aliniuliza, "Mzee, unajua sasa ni kiangazi?" Nikamwambia, ninakokwenda hawakijui. Saizi yangu, kwa kuwa Mungu aliniumba kwa mabaki ya Dilawar, ilipatikana upande wa kina mama. Tazameni hapo kwenye kifundo, kuna ua limetariziwa. Sikuona haya. Mtu aliye tayari haoni haya.

Na hoja yangu ni hii, na haina jibu. Dilawar, umesema mwenyewe kwamba jina si la walioondoka, ni la waliobaki. Sasa nani alibaki? Katika mji huu, kila Julai, nani alikungojea? Meza ya karata nyumbani kwa rafiki yetu Anverali ilikuwa na watu watatu kiangazi chote, tukicheza mchezo wa watu wanne kama meza iliyovunjika mguu. Nani alikaa hapo akitazama kiti chako? Mimi.

Mwaka Inara alipozaliwa, wewe ulikuwa kwenye barafu kwa mara ya kwanza. Nani alikwenda hospitali? Mimi! Niliendesha gari kutoka Lawrence mpaka Richmond Hill nikamchukua shemeji, nikampeleka. Yeye akakaa na binti yenu ndani. Mimi nikakaa kantini.

Na mwaka ule simu ya setelaiti ilipokatika, mnaukumbuka, meli imebanwa na barafu na siku zinapita bila neno? Nani alikuja nyumbani kwako kila jioni kungojea habari? Mimi. Nilikaa sebuleni. Shemeji alikaa dirishani. Nilikula. Shemeji akaniwekea tena, nikala tena, yeye akarudi dirishani. Nikasinzia kwenye kochi. Nikiamka namkuta yuko palepale, uso kwenye kioo, taa za barabarani zimewaka, anahesabu magari yanayo...

Ngojeni.

Ngojeni kidogo. Nimepoteza mstari.

Nani anasema huko? Shemeji? Japhet, mpelekee mikrofoni. Haitaki. Ni kweli, sauti iliyomshinda karani wa Mwanza inahitaji mikrofoni ya nini. Sema, shemeji, nitawarudia walio nyuma.

Anasema, "Roshanali, nani alikuambia mimi siwezi baridi?"

Kila mtu anajua, shemeji. Dilawar anasema hivyo miaka yote. Zebunissa hapendi baridi.

Anasema, "Dilawar amesema. Mimi nilisema?"

Dilawar, umeulizwa. Usitazame keki. Anasema... wazee, anasema alidhani.

"Pale kivukoni aliniuliza jina langu," anasema. "Nikamjibu. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena kitu."

Mmesikia, ndugu wageni waalikwa? Mtu huyu alipanda ndege tatu kwenda kuuliza jiwe linaitwaje. Aliuliza rasi. Aliuliza mto. Amewauliza wazee wa watu mpaka wakachoka. Na huyu aliye upande wa pili wa meza yake ya chai, huyu alimwandikia kwenye ramani, "baridi hapendi," akafunga kalamu. Kama kapteni na kabati lake.

Na mimi ninayecheka, je? Mimi nimekaa kwenye lile kochi kiangazi baada ya kiangazi, nikala, nikasinzia, na leo nimesimama mbele yenu kudai kwamba aliyengojea ni mimi. Nilimgundua mara mbili, na mara zote mbili sikumwona.

Dilawar amesimama. Kaeni kimya. Bwana Nyavu, uliza vizuri, mji mzima unasikia.

"Zebu, utakuja nami?"

Shemeji anasema... subirini, anakunywa maji kwanza. Anasema, "Nitafikiri."

Anasema amekwisha fikiri. Anasema atakwenda, lakini kiti cha dirishani ni chake.

Pigeni makofi, nyie wa ofisini pia, hapa hata msipoelewa pigeni!

Zaheer, njoo ukae karibu na mimi, tumeshindwa wote. Ulimi wangu umeniponza. Nilikuja hapa kujinadi, nikajenga hoja nzuri, nondo juu ya nondo, na nyumba ilipokamilika nikakuta mwenye nyumba ni mwingine.

Shemeji, nisamehe nikiinama mbele ya wageni, lakini magoti yangu yanahitaji muda. Kiatu cha kushoto hiki. Cha kulia hiki hapa, zipu yake ina ubishi, ivute kwa upole. Manyoya ni ya kweli. Ua nadhani lilikuwa lako tangu mwanzo. Inara, mjukuu wangu, mpelekee bibi yako. Inara ananiambia kwa Kiingereza kwamba soksi yangu ina tundu. Naelewa, mwanangu. Na mimi huwa naelewa najifanya sielewi.

Mstaafu Dilawar, nakushukuru kwa niaba ya watu wote ambao mahali pao palipewa majina na wapita njia. Sisi tuliooga kwenye Ghuba ya Speke bila kumjua Speke tunajua umefanya nini. Umefanya vizuri, na imenichoma.

Na wivu wangu usidhani umestaafu nawe. Umehamia kwa shemeji. Kuanzia leo namwonea wivu Zebunissa, na Agosti nzima nitakuwa na hali mbaya, msinitembelee bila chakula.

Nina ombi moja tu. Mkifika, pandeni kile kilima cha mviringo. Shemeji atangulie, yeye ndiye mwenye jina la mahali. Halafu litajeni jina langu, si lile la kwenye pasipoti, lile lingine. Msiliandike popote. Mpige kelele tu kuelekea kwenye maji, "Mafutataa!" na msikilize kama maji yatajibu. Mimi nitakuwa huku, nangojea kuambiwa.

Mmenipa masikio yenu bila kununua kitu, na dukani kwangu hilo halikuwahi kutokea, nawashukuru sana. Sasa naomba mnipe na njia. Meza yangu iko kule nyuma, sakafu ya ukumbi huu ni ya baridi, na mimi nimebaki na soksi.